Jina Halitajwi: Mkulima na Mkewe Waliomwelewa Mtoto Kabla ya Wataalamu

Wadau, mmezoea mkiona humu tumeandika "jina tunalihifadhi" mnajua kuna ubuyu umeiva. Staa fulani kafumaniwa, ndoa fulani inachungulia kaburi. Leo pia majina tunayaweka kando, ila sababu ni nyingine kabisa. Watu ninaotaka kuwasimulia hawana skendo yoyote ya kuficha. Walifanya kazi kubwa, kisha stori ikaendelea bila wao.

Ni mkulima mmoja na mkewe, kusini mwa Marekani, miaka ya 1940. Hawakusomea saikolojia wala hawakuwa na cheti. Lakini ukifuatilia jinsi walimu na wataalamu wa tiba wanavyofundishwa kumsaidia mtoto mwenye usonji, miaka 80 ya vyuo, vyeti, ugomvi na hela, unakuta dunia imezunguka weee, halafu imerudi pale pale shambani kwao.

Kwa ambao neno lenyewe ni geni: usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo. Inaonekana tangu utotoni na inagusa namna mtu anavyowasiliana, anavyochangamana na wenzake, na anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Mtoto mmoja haongei kabisa, mwingine anaongea kama mtangazaji wa redio ila hawezi kuvumilia kelele za darasani. Si laana, haiambukizi, na si matokeo ya malezi mabovu. Hilo la malezi lishikeni, maana limeumiza watu wengi kwenye stori hii.

BARUA YA KURASA 33

Mwaka 1938 mwanasheria mmoja wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, alimwandikia daktari wa akili za watoto, Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore. Barua ilipigwa chapa na ilikuwa na kurasa 33. Yote ilimhusu mwanawe, Donald, aliyekuwa na miaka mitano.

Baba alieleza kila kitu. Mtoto alikuwa anazungusha vitu sakafuni na kufurahi kupita kiasi. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, kwamba akiwa na miaka miwili tu alikuwa anakariri Zaburi ya 23. Lakini ukimwita hageuki. Mtu akiingia chumbani, kwake ni kama hajaingia mtu. Kabla ya hapo wazazi walishauriwa wampeleke kwenye kituo mbali na nyumbani, akakaa huko karibu mwaka mzima akiwa mdogo hivyo. Mwishowe wakaenda kumchukua.

Mwaka 1943 Kanner akachapisha makala kuhusu watoto 11, na Donald ndiye wa kwanza kwenye orodha. Makala hiyo ndiyo iliyofanya madaktari wa dunia waanze kuuona usonji kama jambo linalojitegemea. Lakini angalia mpangilio wa mambo: mtaalamu mkubwa alianza kujua kwa sababu mzazi alimfundisha. Kurasa 33, bure.

Sasa njoo kwa watu wetu. Mwaka 1942, Donald akiwa na miaka kama tisa, wazazi wake walimpeleka akaishi na mkulima na mkewe, shamba lililokuwa kama maili 10 kutoka mjini kwao. Mei 1945 Kanner alifunga safari kwenda kumwona. Aliyoyakuta yalimshangaza, na miaka mingi baadaye, mwaka 1971, bado alikuwa anayaandika.

Donald alikuwa anapenda mno kupima vitu. Wale wazee wakampa kazi ya kuchimba kisima, akawa anapima kina na kuleta ripoti. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi, anairudia, anairudia. Wakamwambia sawa, hesabu, ila hesabu huku unailima. Akajifunza kushika jembe la kukokotwa na farasi, analigeuza mwisho wa mstari, anarudi. Alikuwa anaokota ndege na wadudu waliokufa. Badala ya kumfokea, wakampa kona ya shamba iwe makaburi, kila marehemu aandikiwe kibao chake. Donald akawa anaandika majina matatu: la kwanza la mtu, la pili la aina ya mnyama, la tatu la ukoo wa yule mkulima. Ndiyo maana kwenye maandishi ya daktari yule, ukoo wa mkulima unausoma kwenye kaburi la konokono.

Na shule alikwenda, ya kijijini hapo hapo. Walimkubali na vituko vyake, akawa anaendelea vizuri na masomo.

Hebu tulia hapo kidogo. Hawa watu hawakujaribu kuing'oa tabia ya mtoto. Walijiuliza inamsaidia nini, halafu wakaitafutia mahali. Waliobadilika kwanza ni wao, wakubwa. Kama kungekuwa na haki, mwaka unaofuata wangekuwa wanaalikwa vyuoni kufundisha. Haikuwa hivyo.

MAMA AKAGEUZWA MSHITAKIWA

Kilichofuata kinatia hasira. Badala ya kuuliza "tufundisheje watu kukaa na watoto hawa?", wakubwa wa taaluma wakauliza "nani kamharibu mtoto?" Na jibu lilikuwa rahisi: mama. Kanner mwenyewe, mwaka 1949, aliandika kwa namna iliyowafananisha wazazi hao na friji, yaani watu wa baridi wasio na upendo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa anaongoza shule maarufu ya watoto kule Chicago, akatoa kitabu kilichoipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Alikuwa amepitia kambi za mateso za Hitler, na akamfananisha mtoto mwenye usonji na mfungwa wa kambi. Sasa kama mtoto ni mfungwa, askari ni nani? Mama alijaziwa jibu.

Matokeo yake kwa upande wa mafunzo yalikuwa mabaya. Ukiamini kwamba mama ndiye sumu, huwezi kumfundisha mama. Unamtenga na mwanawe. Na mwalimu wa kawaida naye unamwona hana kazi, maana "tatizo" lipo moyoni mwa mzazi na anayeweza kulifikia ni mtaalamu tu. Miaka ikapotea hivyo.

Aliyeanza kuupasua ukuta huo alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na jeshi la majini la Marekani na ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akaonyesha kwamba usonji unaanzia kwenye mwili na ubongo, hauletwi na mama. Mwaka uliofuata wazazi wakaunda chama chao cha taifa. Mwaka 1969 Kanner akasimama mbele ya mkutano wa wazazi hao hao akawatangaza hawana hatia. Walipiga makofi. Ila fikiria mama aliyelala na hukumu hiyo miaka 20, kisha anaambiwa ukumbini "mko huru". Aisee.

MUUGUZI, MHUDUMU WA WODI, NA MIWANI

Wakati wasomi wakubwa wanagombana, kwenye wodi kulikuwa na kitu kinachemka. Mwaka 1959, watafiti wawili, Ayllon na Michael, walieleza walichofanya kwenye hospitali ya akili ya Weyburn, Saskatchewan, Kanada. Waliwafundisha wauguzi wa kawaida kuangalia mgonjwa anafanya nini, wao wanajibuje, na majibu yao yanaiongezaje au kuipunguzaje tabia ile. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima, si watoto wenye usonji. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa: anayekaa na mtu saa nane kwa siku ana nguvu kuliko daktari anayepita na faili dakika tano.

Miaka mitano baadaye wazo hilo likamkuta mtoto mmoja jimbo la Washington. Kwenye ripoti walimwita Dicky, jina la kumficha. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, ana usonji, na alikuwa ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili. Asipovaa miwani, uwezo wake wa kuona ungepotea moja kwa moja. Na miwani alikuwa hataki hata kuisikia. Ukimlazimisha, ni vurugu, anajipiga, analala chini.

Watafiti Wolf, Risley na Mees walipanga mkakati, lakini waliokaa na mtoto chumbani walikuwa wahudumu wa wodi. Walianza na fremu tupu, bila vioo. Dicky akiigusa, anapata kitu. Akiishika, anapata. Akiisogeza usoni, anapata. Pipi na vipande vya matunda havikumvutia sana, wakahamia kwenye kifungua kinywa chenyewe, tonge kwa tonge. Ilienda polepole, mpaka ikafika mahali anavaa miwani karibu siku nzima. Kisha wazazi wakafundishwa, na mhudumu akawa anamsindikiza mtoto nyumbani ili mambo yasiishie hospitalini. Ripoti ilitoka 1964.

Watafiti watatu majina yao yamo kwenye kila kitabu cha fani hii. Mhudumu aliyeshika ile fremu tupu, asubuhi baada ya asubuhi? Jina halitajwi.

UCLA: MAFANIKIO NA MAKOFI

Tukisema mafunzo ya tabia na usonji, huwezi kumruka Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Huyu ndiye aliyeifanya fani hii ijulikane, kwa mazuri na kwa mabaya. Mwaka 1965 jarida la Life lilichapisha picha kutoka kwenye kazi yake. Kulikuwa na watoto wanafundishwa kuongea kwa kupewa chakula kidogo kidogo. Na kulikuwa na watoto wanafokewa, wanapigwa makofi, na mtoto aliyepigwa shoti ya umeme kupitia sakafu. Wengi waliosoma wakati ule waliona ni ujasiri, maana hospitali nyingi ziliwafungia tu watoto hawa. Leo ukizitazama picha zile unapata taabu kumaliza.

Mwaka 1973 kundi la Lovaas likatoa ufuatiliaji wa watoto waliowafundisha. Waliorudi kwa wazazi waliokuwa wamefunzwa waliendelea kusonga mbele. Waliopelekwa kwenye taasisi walirudi nyuma, wakapoteza walichokuwa wamepata kwa jasho. Mwalimu anaweza kuwa hodari kiasi gani, kama waliobaki na mtoto hawajui, kazi inayeyuka kama barafu juani.

Mwaka 1987 ikaja ripoti iliyobadili soko. Watoto 19 wadogo walipata kama saa 40 za mafunzo kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Lovaas akasema 9 kati yao walifika darasa la kwanza la kawaida wakiwa na alama za kawaida za akili. Wazazi Marekani nzima wakaanza kuulizana hizo saa 40 zinapatikana wapi. Wakosoaji nao walikuwa na hoja: watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na bado kulikuwa na kofi la pajani ndani ya mbinu.

Na nani alikuwa anatoa hizo saa 40? Wanafunzi wa chuo. Vijana wa umri wa wasomaji wengi wa hapa, wanakaa sakafuni sebuleni kwa mtu, wanarudia "gusa pua" mara mia. Waliofundishwa vizuri na kusimamiwa, walisaidia. Waliofundishwa kwamba kofi ni zana ya kazi, walipiga kofi. Mtu mpya kazini hufanya alichoonyeshwa. Ndiyo maana mafunzo si suala la makaratasi.

LONDON, NA BEATLE MMOJA

Wapenda mastaa, kipande chenu hiki. Huku Marekani wakipimana, London kulikuwa na mwanamke anaitwa Sybil Elgar. Hakuwa na shahada ya usonji, maana haikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianza kufundisha watoto wachache nyumbani kwake, chini ya nyumba. Wakati huo huo, mwaka 1962, wazazi wa Uingereza waliunda chama. Mmojawapo alikuwa Lorna Wing, daktari wa akili na mama wa binti mwenye usonji. Mwaka 1965 chama hicho kikafungua shule Ealing, Elgar akiwa mwalimu mkuu. Kati ya waliojitokeza kuisaidia alikuwemo John Lennon wa Beatles.

Elgar alikuwa na msimamo mmoja: watoto hawa wanafundishika, mradi mazingira yawe tulivu na mambo yapangike, mtoto ajue nini kinakuja baada ya nini. Walimu wengine walikuja kujifunza kwa kumwangalia akifanya. Hakuwa na nadharia ndefu. Alikuwa na darasa.

KIOO CHA CHAPEL HILL

Halafu kuna North Carolina. Eric Schopler alisoma Chicago, akaiona kwa karibu falsafa ya Bettelheim, akatoka amechukia. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Robert Reichler walianza mradi wa majaribio Chapel Hill uliogeuza meza: mzazi akawa mtaalamu mwenza.

Walivyofanya ni rahisi kueleza. Kulikuwa na chumba chenye kioo, aliye upande wa pili anaona bila kuonekana. Kwanza mzazi anakaa nyuma ya kioo anamtazama mtaalamu akifanya kazi na mtoto, anamwona anavyopatia na anavyokosea. Kisha wanabadilishana, mzazi anaingia, mtaalamu anatazama. Wanakaa, wanaongea, wanapanga kazi ya nyumbani. Hebu fikiria mama aliyeitwa friji miaka yote, sasa anaulizwa, "Wewe unaonaje, hapa tungefanyaje?"

Mwaka 1972 bunge la jimbo likaukubali mradi uwe huduma ya jimbo zima, ukaitwa TEACCH. Ratiba za picha ukutani, kazi zilizopangwa kushoto kwenda kulia, kapu la "nimemaliza" mwisho wa meza: ukiingia darasa la usonji Nairobi au Dar ukaviona vitu hivyo, asili yake kubwa ni huko. Na wazo lililokuwa nyuma yake ni lile la shamba: badala ya kupigana na mtoto anayependa mpangilio, mpe mpangilio.

TABIA NI UJUMBE

Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walichapisha kazi ndogo yenye uzito. Watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji, wenye tabia ngumu: kupiga, kujiumiza, kutupa vitu. Waliangalia kwanza vurugu inatokea lini. Mmoja anavuruga kazi ikiwa ngumu. Mwingine anavuruga mwalimu akigeukia wenzake. Wakawafundisha maneno ya kusema badala ya vurugu. Wa kazi ngumu afundishwe kusema haelewi. Wa kutaka kuonwa afundishwe kuuliza kama anafanya vizuri. Wakubwa wakajibu maneno hayo mara moja. Vurugu ikashuka.

Muhimu ni hili: ukimpa mtoto maneno yasiyolingana na sababu yake, haisaidii. Anayetaka kupumzika ukimpa pipi, hujamjibu. Tangu hapo mafunzo mazuri yanaanza na swali "anasema nini kwa kufanya hivi?" kabla ya "tumzuieje?" Mwaka 1997 sheria ya elimu maalumu ya Marekani ikaingiza wajibu wa aina hiyo shuleni: chunguza sababu ya tabia, panga msaada.

Unaona tumerudi wapi? Yule mkulima alipompa Donald jembe badala ya fimbo, alikuwa ameshajibu swali hilo, miaka 40 kabla.

WENYE USONJI WENYEWE

Mpaka hapo waliokuwa wanaongea ni madaktari, watafiti na wazazi. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mtu mzima mwenye usonji, alihutubia wazazi kwenye mkutano Toronto. Ujumbe wake kwa kifupi: acheni kutuomboleza kama tumekufa, tupo, tufahamuni. Wengine wengi wakafuata, na baadhi walieleza walichobaki nacho baada ya miaka ya kufundishwa kukaa kimya, kutazama watu machoni kwa nguvu, kutochezesha mikono. Walisema walijifunza kujificha, na kujificha kunachosha.

Kwenye fani yenyewe ugomvi huu haujaisha. Kuna wataalamu wa tabia waliobadilika kweli: hawazuii mikono inayocheza bila kumdhuru mtu, na mtoto akisema hapana wanalipokea. Na kuna mabaki ya zamani. Mpaka mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikuwa bado inahangaika kupiga marufuku vifaa vya shoti vilivyotumika kwenye kituo kimoja jimbo la Massachusetts. Mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Sio 1965 hiyo, ni juzi juzi tu.

SASA HUKU KWETU

Kuna watu bado wanasema usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo baada ya kuzunguka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na watoto wenye usonji aliwakuta. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, tangu 1986. Tanzania ina Patandi, Arusha, panapotoka walimu wa elimu maalumu. Wazazi wa Kenya walianzisha chama chao mwaka 2003. Kwa hiyo hatuanzi sifuri.

Ila mahitaji ni makubwa kuliko watu, na penye uhaba biashara haikawii. Cheti maarufu cha Marekani cha msaidizi wa tabia, kilichoanza 2014, kinadai mafunzo ya saa 40 kabla ya kupimwa na kufanya kazi chini ya msimamizi. Saa 40 ni wiki moja ya kazi, jamani. Na tangu 2023 bodi inayotoa vyeti hivyo imefunga mlango kwa waombaji wapya wa nchi nyingi, zetu zikiwemo. Hivyo mtu akikuambia amesoma kozi ya mtandaoni wikiendi mbili na sasa ni "mtaalamu", msikilize vizuri kabla hujatoa M-Pesa.

Upande wa matumaini, Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wenye usonji au kuchelewa kukua: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Wanaoendesha si lazima wawe mabingwa, wanaweza kuwa wauguzi, walimu, hata wazazi wenzao waliofunzwa. Yamejaribiwa pia Ethiopia na Kenya. Ukiangalia, ni Weyburn, kioo cha Chapel Hill na lile shamba, vyote kwenye begi moja.

Kama una mtoto, mdogo wako, au jirani, na mnatafuta mtu wa kumsaidia, historia hii inakupa maswali manne ya kuuliza, bure kabisa.

Mtoto akianza kupiga kichwa ukutani, wewe unajiuliza nini kwanza? Akianza na adhabu, mshukuru, ondoka.

Naruhusiwa kukaa nione unavyofanya? Mlango ukifungwa kwa ufunguo, hapo hapafai. Kioo cha 1966 kilikuwa na sababu.

Nani anakusimamia? Hata wanafunzi wa UCLA walikuwa na mtu juu yao.

Mtoto wangu utamfundisha kusema "sitaki" na "nimechoka"? Mtoto anayejua kutii tu hana ulinzi siku akikutana na mtu mbaya.

Na wewe msaidizi wa darasa, dada wa kazi, mjomba unayebaki na mtoto jioni: hakuna atakayeandika jina lako kitabuni. Ila wewe ndiye uliyeshika fremu ya miwani.

Donald? Alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi zaidi ya 30. Tuseme ukweli, familia ilikuwa na uwezo, benki yenyewe ilikuwa ya upande wa mama yake, na hilo lilisaidia. Lakini kwenye wale watoto 11, Kanner alipowafuatilia miaka 28 baadaye, waliotupwa kwenye hospitali kubwa walikuwa wamezimika, na familia zao si zote zilikuwa maskini. Donald alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89, kwenye mji ule ule, kati ya watu waliomzoea.

Dondosha komenti: ni nani kwenye maisha yako aliyemwelewa mtoto ambaye wengine wote walimwita mtukutu? Jina kama hutaki kulitaja, sawa. Tuambie tu alifanya nini.